Makambako, Mji wa Spana na Mbao

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya, msitu unakupokea mapema. Mafinga ikikaribia, mipaini imejipanga pande zote mbili za barabara kwa mistari iliyonyooka, na hapa na pale mikaratusi mirefu inabanduka magome. Hii ni Mufindi, nyumbani kwa Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania. Majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata kuanzia miaka ya 1960. Dirisha likiwa wazi, harufu ya utomvu na mbao mbichi inaingia hadi viti vya nyuma vya basi. Baadaye miti inapungua, uwanda unafunguka, upepo unaanza kulisukuma basi ubavuni, na malori yaliyoegeshwa kandokando ya barabara yanazidi kuongezeka. Umefika Makambako.

Abiria wengi huujua mji huu kwa kupitia dirishani: chai ya haraka, mahindi ya kuchemsha, honi, safari inaendelea. Mimi nausifu kwa jambo ambalo haliwezi kuonekana kutoka dirishani. Anayetaka kujua nyumba za watu wa kawaida katika nchi hii zinasimamaje, nani anazijenga, nani anazikarabati na kwa akili gani, ashuke Makambako, aingie gereji ya malori, avute kigoda na asikilize.

Njia panda

Makambako ni mji wa mkoa wa Njombe, na umbo lake lote limetokana na barabara. Barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka kuingia Zambia, inapita katikati. Hapa ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kwenda kusini. Reli ya TAZARA nayo, baada ya kupanda kwa taabu kutoka bonde la Kilombero kupitia mahandaki na madaraja marefu, inakutana na barabara hapa hapa.

Njia hizi zina historia nzito. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, Zambia ilijikuta njia zake za kusini ziko mashakani. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, juu ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba njia hiyo ikaitwa ya jehanamu. Lami ilikuja baadaye, kisha reli: ujenzi ulianza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na mwaka 1976 ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tangu siku za malori yale ya mafuta, ukanda huu umelea watu ambao kazi yao ni kulifikisha gari lililoharibika, kwa zana walizonazo, mahali pasipo na msaada.

Watu hao wamebaki, na wana warithi. Wengi ninaowazungumzia hapa ni wenye lori moja, wakijitahidi sana mawili. Walianza kama utingo, wakapewa usukani, wakaweka akiba, wakanunua Fuso iliyochoka au kichwa cha Scania cha miaka mingi. Madereva wao huwaita matajiri, lakini tajiri wa Makambako utamkuta amelala chini ya tela na fundi wake, shati limelowa grisi.

Chini ya gari, juu ya paa

Gereji za malori hapa ni viwanja vya wazi nyuma ya barabara kuu. Ardhi ni nyeusi kwa oili. Kuna kibanda cha mabati cha mashine ya kuchomelea, kuna rundo la springi chakavu, kuna benchi lililotengenezwa kwa ubao uliolazwa juu ya rimu mbili. Kwenye benchi hilo ndipo mji unapozungumza. Lori likishawekwa juu ya magogo, mwenye nalo hana pa kwenda. Anakaa, anaagiza chai, na mazungumzo yanayoanzia chini ya gari huishia juu ya paa la nyumba.

Asubuhi moja ya baridi nilimkuta hapo kijana mwenye Fuso inayobeba viazi kutoka Njombe, na mzee mwenye semi aliyekuwa anatokea Tunduma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekuwaje?"

"Senta bolti imekatika. Ekseli imesogea nyuma, tairi likaanza kula madigadi."

Wakazungumza springi kwanza. Mzee akauliza majani mangapi yamebaki mazima, klampu zilikazwa lini, mzigo ulipangwaje. Akamkumbusha kwamba senta bolti haikatiki yenyewe. Mara nyingi ni boliti za U zilizolegea ndizo zinazoiacha ibebe mvutano usio wake. Kijana akaitikia. Kisha akatoa lililokuwa moyoni.

"Mzee, nyumbani kenchi moja ya sebuleni imeanza kulala. Nilipaua mwaka juzi tu. Mvua ikinyesha, maji yanasimama kwenye bati."

"Jeki unayo?"

"Ya tani 20."

"Basi nusu ya fundi unaye tayari."

Akaeleza taratibu, na benchi zima likanyamaza kumsikiliza. Weka ubao mnene sakafuni ili uzito usambae, usije ukapasua jamvi. Juu ya ubao weka jeki, juu ya jeki nguzo iliyonyooka, na kati ya nguzo na mbao ya chini ya kenchi weka kipande kingine cha ubao ili nguzo isichimbe. Hakikisha nguzo imesimama wima kwa pima maji, maana ikiinama itachomoka. Inua kidogo, kisha acha. Mbao iliyolala miaka miwili haikubali kuamshwa kwa dakika tano. Ukiharakisha, misumari italia na bati litang'oka. Inua tena kesho, na keshokutwa. Kila unapoinua, simamisha nguzo za pembeni, kwa sababu jeki ni ya kuinulia, si ya kuegemea. Kenchi ikirudi mahali pake, ivalishe mbao mpya pande zote mbili, zipite mbali zaidi ya sehemu iliyopinda, na uzifunge kwa boliti badala ya misumari mitupu.

Hakuna neno hapo ambalo dereva wa lori halijui. Ubao chini ya jeki, kuinua polepole, kuweka magogo kabla hujaingia chini: ndiyo sheria ya kubadilisha tairi kandokando ya barabara, na waliopuuza sheria hiyo hawakurudi nyumbani kusimulia. Kijana alikuwa na ujuzi huo mikononi siku zote. Alichokuwa hajapata ni mtu wa kumwonyesha kwamba unafaa hata sebuleni.

Sikio la chuma

Tazama dereva anavyozunguka gari lake kabla ya kuondoka Makambako. Ana kipande cha nondo au nyundo ndogo. Anagonga tairi moja baada ya jingine, na yale ya ndani kwenye magurudumu pacha anayafikia kwa kuinama. Tairi lenye upepo wa kutosha linairudisha nondo mkononi, na mlio wake ni mfupi na mkavu. Lililopungua linaumeza mshindo na mlio unakuwa mzito. Akimaliza, anaweka mgongo wa kiganja karibu na kila hapu kuona ipi imepata moto, kwa sababu hapu yenye joto kuliko wenzake ni beringi inayokufa au breki inayoshika.

Sikio hilo hilo wanalipeleka kwenye matofali. Nyanda za juu hizi watu wengi hujenga kwa tofali za kuchoma, na tanuri halichomi tofali zote sawasawa. Za katikati huiva, za pembeni hubaki mbichi. Mwenye lori anayesomba tofali hachagui kwa rangi peke yake. Anachukua mbili, anazigonganisha. Iliyoiva inalia kama chuma. Iliyobaki mbichi inatoa sauti ya udongo, na mvua za msimu mmoja zikiipata uso wazi itaanza kumomonyoka. Nimemwona tajiri mmoja akikataa nusu ya shehena kwa kugonga tu, na muuzaji hakubishana naye, maana naye alisikia.

Sanduku la zana nalo lina adabu zake. Huchomelewa ubavuni mwa tela na kufungwa kufuli. Ndani yake utakuta spana za pete na za mdomo kuanzia namba 10 hadi 32, spana ya magurudumu na bomba refu la kuiongezea nguvu, nyundo, tindo, msumeno wa chuma, praiza, waya wa kufungia na vipande vya tyubu. Siku hizi, karibu kila sanduku lina pia futi, timazi na pima maji, zana ambazo lori halizihitaji. Zipo kwa sababu mwenye sanduku ana msingi mahali fulani unaomsubiri: Mbalizi, Ilula, Chalinze, Songea.

Zana huazimwa bila maandishi. Kila mmoja ana alama yake, tone la rangi nyekundu kwenye mpini au mkato wa msumeno, na anayeazima hurudisha spana ikiwa imefutwa grisi. Kurudisha spana chafu ni kutangaza kwamba hutaazimwa tena. Na hakuna chuma kinachotupwa. Springi iliyokatika inakwenda kwa mhunzi, inafuliwa na kurudi ikiwa tindo, panga au patasi, kwa sababu chuma cha springi ni kigumu na kinashika makali. Tairi lililokwisha linakatwa katambuga. Tyubu inachanwa mikanda ya kufungia mzigo.

Mbao na uzito wake

Kutoka gereji ni hatua chache tu kufika kwenye mbao. Zimepangwa marundo kwa marundo, mbili kwa mbili za papi, mbili kwa nne na mbili kwa sita za kenchi, moja kwa nane za fisha bodi. Mwenye lori aliyeshusha mzigo kusini hapendi kurudi Dar es Salaam mtupu, na mbao ni mzigo wa kurudia. Wengi hupakia za kuuza, na pembeni, zikiwa zimefungwa kamba peke yake, kuna chache za nyumbani kwake.

Wauzaji wazuri huweka vijiti kati ya kila safu ili upepo upite, na upepo wa Makambako hauhitaji kubembelezwa. Mbao iliyokatwa leo imejaa maji. Ukiipaua hivyo, itakauka ikiwa juu, na katika kukauka itajipinda na kuvuta misumari. Kenchi ya yule kijana ililala kwa sababu hiyo: alinunua mbao mbichi kwa haraka, mvua zikiwa karibu. Wenye malori hulijua somo hili kwa njia nyingine, yaani mizani. Kikomo cha uzito wa lori na mzigo wake katika nchi za Afrika Mashariki ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Anayebeba mbao mbichi anabeba maji ambayo hakuna atakayemlipa, na anaweza kukwama mizanini kwa ajili yake.

Mama mmoja mwenye Fuso mbili na uwanja wa mbao alinionyesha namna ya kununua. Mteja alimuuliza, "Mama, hii kweli ni mbili kwa nne?" Akamkabidhi futi. "Pima mwenyewe, baba. Na usipime ya juu, pima ya katikati ya rundo." Kisha akamwonyesha jinsi ya kuinua ncha ya ubao hadi usawa wa jicho na kutazama ukingo wake hadi mwisho, kama umenyooka au umepinda. Akamwambia ahesabu mafundo, na ule wenye fundo kubwa katikati auweke mahali pasipobeba uzito.

Mjadala mkali zaidi wa benchi la gereji unahusu mchwa. Wazee wengi hupaka nguzo na ncha za mbao oili chafu ya injini, na oili haikosekani hapa. Vijana wanasema zama hizo zimepita. Nimewasikiliza wote, na naona vijana wana hoja. Oili inakaa juujuu, inaoshwa na mvua, na inachafua udongo na maji ya kisima. Mbao za dawa huingizwa kwenye tangi la chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa ndani kwa mgandamizo hadi iingie kwenye nyama ya mti, na rangi yake hugeuka kijani hafifu. Zinagharimu zaidi, lakini zinadumu. Jambo moja tu lazima lisemwe kwa sauti, na mama yule hulisema kwa kila mteja: vipande vyake visipelekwe jikoni. Dawa nyingi za aina hiyo zina shaba, kromi na aseniki, na moshi wake ni sumu.

Somo la turubali

Upepo ndio mwalimu mkuu wa mji huu. Unavuma juu ya uwanda bila kizuizi, na paa lililofungwa ovyo halidumu. Upepo ukipita juu ya paa huvuta bati kwenda juu, na ukiingia chini ya kibaraza unalisukuma kutokea ndani. Paa halianguki, linaondoka.

Wenye malori wanalielewa hili kuliko mafundi wengi, kwa sababu wamefunga turubali maisha yao yote. Turubali likiachwa wazi kona moja tu, kilomita chache mbele limeshachanika lote. Ndiyo maana hukaza kingo kuliko katikati. Kwenye nyumba nao hufanya vivyo hivyo: misumari ya bati hukaribiana zaidi kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa, na kenchi haiachwi ikae juu ya ukuta kwa uzito wake tu. Nondo nyembamba au waya mnene huzamishwa kwenye linta wakati zege bado bichi, ncha zikiachwa juu, kisha kenchi ikifika inafungwa nazo. Gharama yake ni ndogo. Asiyeifanya atakumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukipanda gari, njoo

Juni hadi Agosti baridi ya Makambako ni ya kweli, na asubuhi utawaona watu wamejifunika mablanketi na majaketi mazito. Njoo na nguo. Salimia "Kamwene," salamu ya Wabena na jirani zao Wahehe, na nyuso zitafunguka. Kula viazi mahali vilipolimwa. Parachichi za Njombe ziko tele msimu wake, na masika ulanzi unagemwa kwenye mianzi. Nenda stesheni ya TAZARA uone reli iliyounganisha bandari na shaba ya Zambia. Ukiwa na nafasi, chukua barabara ya Njombe, kama kilomita 60, uone vilima vya kijani vikibadilishana na mashamba ya miti ya wanakijiji.

Ila kabla ya yote, nenda gereji. Kama unajenga, beba swali lako: ufa wa ukutani, bomba linalovuja, mlango unaokwama wakati wa mvua. Msalimie mkubwa kwanza, subiri chai ifike, kisha uliza. Utajibiwa na mtu aliyeshusha tani nyingi kwenye mlima Kitonga kwa gia ndogo bila kukanyaga breki hadi ziwake moto, na atakuuliza maswali mengi kabla ya kukupa jibu moja.

Ukiendelea na safari, zitazame nyumba za kandokando ya barabara kwa jicho jipya. Nyingi zilijengwa kwa mafungu: safari moja mabati, safari nyingine nondo, ya tatu mifuko ya saruji, na miezi ya ukame katikati fedha zikiwa zimekwenda kwenye tairi. Hazikujengwa kwa mikopo mikubwa wala kwa michoro ya gharama. Zilijengwa na watu walioulizana benchi la gereji, wakaazimana pima maji, wakarudi nyumbani wakajaribu. Makambako inauza mbao, inauza spea, inauza mafuta na chai. Ujuzi wake haiuuzi. Inamwachia yeyote aliye tayari kukaa na kusikiliza, na kwa hilo pekee mji huu unastahili kushukiwa.